Njia ya Shule Inayopita kwa Baba Mkwe

Jumatano, mchana, ingawa ukichungulia nje huwezi kujua ni saa ngapi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miparachichi na mvua inanyesha ile ya kwetu Rungwe, isiyo na haraka wala aibu.

Nina hasira tangu asubuhi na sijapata mtu wa kumtupia.

Hii ni wiki ya tatu tangu mto ubebe daraja la barabara ya shule. Kabla ya hapo bodaboda wetu, Asajile, alikuwa akija kila asubuhi kumpakia binti yangu Atu pamoja na watoto wawili wa jirani. Sasa anaishia ukingoni. Nilipomsihi ajaribu tu kupita kwenye maji, alinicheka. "Dada, hii ni pikipiki, siyo bata."

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza inazunguka mashamba ya chai, na kwa miguu ya mtoto wa miaka saba ni mwendo wa saa mbili. Ya pili ni ya mkato. Inashuka migombani, inapita nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu, kisha inavuka kijito juu ya gogo moja. Dakika ishirini na tano, hata kwa kusinzia.

Tatizo ni kwamba mimi sitakiwi kuonana na baba mkwe wangu.

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mume wake. Akisikia mzee huyo anakuja huacha njia, huchuchumaa na kujifunika uso mpaka mzee apite. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Sisi bado. Nimeolewa miaka minane, na sura ya mzee yule naijua kwa picha iliyo kwenye simu ya mume wangu.

Basi wiki mbili tulizunguka chai. Atu alifika shule amelowa, kipindi cha pili kimeshaanza, akalala juu ya dawati. Siku nyingine hakuamka kabisa na mimi sikuwa na moyo wa kumwamsha. Yuko darasa la kwanza. Mwezi uliopita alinisomea neno zima kwenye mfuko wa sukari, akaruka jikoni kama kichaa. Jumapili nilimpa mfuko uleule. Aliukodolea macho, kisha akaanza kukisia. Mwalimu wake ameshaniambia kwamba akiendelea kukosa hivi atarudia darasa. Lakini si kurudia darasa kunakoniumiza. Ni kule kukisia.

Nikamwomba mama mkwe ampeleke kwa njia ya mkato.

"Mama Atu, magoti haya si yangu tena," akasema. "Mpeleke mwenyewe. Ila piteni mapema, mzee hajatoka. Ukisikia kikohozi, unajua la kufanya."

"Najua, mama."

Jumatatu tulipita salama. Jana pia. Atu aliwahi namba za asubuhi shuleni, akarudi anaimba.

Leo tulikuwa katikati ya gogo, mimi mbele, yeye nyuma, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nikasikia kikohozi. Hakikutoka nyumbani. Kilitoka ng'ambo, kwenye njia tunayoiendea. Mzee alikuwa ameshakwenda kukata majani ya ng'ombe na sasa alikuwa anarudi.

Nikauachia mkono.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiri kwanza. Sikufikiri. Nilimpita mtoto palepale juu ya gogo, nikaruka ukingoni, nikachuchumaa nyuma ya mgomba na kitenge kichwani. Ndipo nikasikia maji.

Nikasikia na mzigo wa majani ukitupwa, mabuti yakiingia kijitoni, Atu akilia, kisha akikohoa. Yote niliyasikia. Sikuinua kitenge. Mwanangu alikuwa kwenye maji na mimi nilikuwa nimejifunika uso.

Mzee hawezi kusema nami moja kwa moja, kwa hiyo alisema na mtoto, kwa sauti ya kufika migombani.

"Mwambie mama yako u mzima. Madaftari ndiyo yamekunywa maji." Akaokota mzigo wake. "Na mwambie hivi. Akijificha, ajifiche na wewe."

Nilisubiri mpaka mabuti yakapotea. Kisha nikamkumbatia mtoto aliyelowa mpaka kifuani, nikarudi naye nyumbani. Leo hakuna shule.

Chuoni niliandika kurasa ishirini kuhusu mila na haki za mwanamke. Nilipata A. Mwili wangu haukuzisoma.

Mume wangu nilimpigia, yuko Mbeya kazini. "Kwani mngeshindwa kusubiri daraja?" Nikamkatia simu. Pengine hasira ile hakuistahili yeye. Mto haukosei, ndiyo kazi yake. Mzee naye leo ameshika mila na mtoto kwa pamoja, wakati mimi, msomi wa ukoo, nimeshika kitenge.

Atu amekaa jikoni, anageuza kurasa karibu na moto. Ameniuliza, "Mama, kwani babu anatisha?"

Nikamjibu kwamba sijui. Ni kweli. Sijui.

Njia ya chai simrudishi. Kesho saa kumi na mbili na nusu tutashuka tena migombani. Nimekaa hapa napanga nitafanya nini kikohozi kikija tena tukiwa juu ya gogo. Kuruka sitaruka. Nikawaza, basi nibaki palepale nimemshika, nifumbe macho, mzee apate heshima yake.

Lakini hakuna mtu anayeweza kumvusha mtoto kwenye gogo akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo kesho, akikohoa, nitamwona.