Kibandiko cha i7

Kihagara, 4 Machi 2024

Kaka Erasmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini wewe na wifi mko wazima, na kifua cha mama huko Litembo kimepungua. Sisi hatujambo, ila Devotha anaota meno na mimi silali.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Kompyuta niliipokea kwa kondakta wa basi, umeisafisha inang'aa, asante. Lakini imekuwa nzito. Zamani nikiiwekea wimbo mmoja wa kwaya iutoe kama video kamili, nasonga ugali, namlisha mtoto, nikirudi imemaliza. Sasa nasonga, namlisha, namwogesha, nafua nepi zake, nikirudi iko nusu, na feni inalia kama lori linapanda mlima. Kwaya wanataka kazi yao kabla ya Pentekoste, na sina kazi nyingine. Wewe ndiye fundi, niambie kimeguswa nini.

Mdogo wako,
Edina


Mbinga, 19 Machi 2024

Mdogo wangu Edina,

Milele amina. Marahaba. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu, anamuulizia mjukuu wake.

Hiyo mashine ni ya siku nyingi, inazeeka kama sisi. Mimi nilipuliza vumbi nikapaka dawa mpya ya joto kwenye prosesa, ule ubongo wake, basi. Tena huko ziwani joto kali, huku kwetu baridi. Ingekuwa Mbinga ingekimbia. Na kibandiko cha mbele si kinasema i7? Hiyo ni prosesa ya wanaume. Punguza ubora wa picha, wanakwaya wataona nini? Na usisikilize maneno ya Saida wa steshenari, anakuonea wivu tu.

Kaka yako,
Erasmo


Kihagara, 7 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Pasaka tumekula salama, msalimie mama.

Huyo Saida mwenye wivu ndiye aliyenisaidia. Unajua mashine yake ni i3, na kazi nzito alikuwa akiniletea mimi, maana yangu ilimaliza yake ikiwa bado inahema njiani. Marehemu Alphonce wangu alikuwa akituambia, i3 ni kama vibarua wawili shambani, i7 ni kama wanne wenye majembe mawili mawili. Basi nimepakia yangu kwenye bodaboda mpaka kwake, mtoto mgongoni. Tukaweka wimbo ule ule, programu ile ile, tukabonyeza pamoja. Zimekwenda bega kwa bega mpaka mwisho, kaka. Chumba kimoja, joto moja. Saida akacheka, "Mama Devotha, hawa mapacha." Halafu akafungua ukurasa unaotaja kilichomo ndani ya mashine yangu, akaacha kucheka. Imeandikwa i3.

Aliyeifungua ni wewe peke yako. Prosesa ya mume wangu iko wapi?

Siku ya kumaliza msiba, wakwe zangu wanagawa vitu vya marehemu, wewe ndiye uliyesimama upande wangu. Uliikumbatia hiyo kompyuta ukamwambia shemeji Hyasinti, "Hii ni ya dada yangu na mtoto wake, anayeitaka aanze na mimi." Nilijivunia kuwa na kaka. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza kabla sijamwambia mtu.

Mdogo wako,
Edina


Mbinga, 2 Mei 2024

Edina,

Habari za huko. Sisi tupo.

Umenichunguza kama polisi, mimi wa tumbo moja na wewe. Haya, ipo. Nimeiazima. Ya kwangu iliungua na dukani kazi zimejaa. Ina faida gani kukaa kijijini? Nilikuwekea i3 ili usikose kabisa, mwingine asingekuwekea kitu. Na hili ulisikie kwangu kabla ya watu: kwaya yenu wamekuja hapa. Mwalimu wao anasema unachelewa. Ningewakataa wangekwenda Songea, tungekosa wote wawili. Nikimaliza yao nairudisha. Usimwambie mama, unajua kifua chake.

Tutaonana kwenye ubatizo wa Devotha, suti yangu ya usimamizi iko tayari.

Kaka yako,
Erasmo


Kihagara, 27 Mei 2024

Kaka Erasmo,

Shikamoo. Hiyo tumefundishwa wote, sitaiacha. Huku tuko salama, jino la Devotha limetoka.

Video yenu imeonyeshwa Pentekoste, baada ya Misa. Ni nzuri. Watu wanasema Mbinga kuna mashine. Mimi nilikaa nyuma nikinyonyesha, nikaangalia kazi ya prosesa ya mume wangu. Mwalimu wa kwaya aliniletea soda, akaniambia, "Usijali, dada, nawe utafika."

Shemeji Hyasinti akaniuliza mbona kazi haikufanyika kwangu. Nikamwambia yote. Akasema, "Shemeji, sisi tungeibeba mchana, watu wakiona." Kaka, wewe ungemjibu nini?

Hiyo prosesa usiirudishe. Nimechoka, na sina nguvu ya kukimbilia kila basi linalosimama nikiiulizia. Kwa hii i3 nitaandika barua za watu na kadi za harusi, hizo inaziweza. Mama sijamwambia. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako.

Ubatizo ni Jumapili. Nimekwenda kwa katekista, jina lako limetolewa. Atakayemsimamia Devotha ni Hyasinti. Ukija utakula kama wageni wengine, na mtoto utampakata, ni damu yako. Ila mbele ya padre husimami.

Kibandiko nimekibandua, mtoto alikuwa akikikwaruza. Nimekiweka humu ndani ya bahasha. Kibandike kwenye mashine yako, ili wateja wako wasidanganyike.

Mama Devotha