Mvua ya Mawe na Shamba la Mfano

Jumatano, 4 Februari 1970
Goweko. Mvua ya mawe jana alasiri. Ilipita kwa ukanda mwembamba: shamba la jirani yangu Hilari halikuguswa, langu limekwisha. Tumbaku imechanika, mahindi yamelala. Mke wangu Pelagia amechungulia ghalani — chakula kitafika Pasaka, si zaidi. Nimemfahamisha kwamba Serikali ina fungu la msaada kwa wakulima waliopatwa na maafa. Ameuliza kama fungu hilo linapikika.

Nimeandika ombi. Nimeridhika hasa na sentensi ya pili.

Jumatatu, 9 Februari
Tabora, kwa treni. Karani amepokea ombi langu kwa heshima. Fedha hutolewa baada ya afisa kuuona uharibifu kwa macho yake; atafika Alhamisi. Dukani kwa Premji nimenunua karatasi mbili. Aliuliza kama ninamshtaki mtu. Nilimjibu kwamba ninaomba. Akasema bei ni ile ile.

Kwa karatasi moja nimemwandikia karani shukrani. Nalala mtaa wa Cheyo kwa shemeji Tobias hadi treni ya kurudi.

Jumatano, 11 Februari
Nimerejea. Sikulitambua shamba langu!

Hilari alileta kikundi chake cha kulima, ngoma mbele, kama ilivyo desturi mtu akipatwa na msiba. Siku mbili wamelima. Tumbaku iliyovunjika wameing'oa na kuichoma yote, kama bwana shamba anavyoagiza. Mahindi wameyafukia matutani. Marando ya viazi tayari yamepandwa. Pelagia alijaribu kuwazuia; wakamwambia apumzike.

Wote walinitazama, wakingoja.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimekosa maneno."

"Ambrosi kakosa maneno!" akasema Hilari. "Hayo sasa ndiyo maafa."

Wakapiga ngoma tena.

Alhamisi, 12 Februari
Afisa, Bwana Sylvester, amefika kwa Landrova. Aliyazunguka matuta, kisha akaomba aonyeshwe uharibifu. Nilimwonyesha majivu. Nilimweleza kwa mpangilio: kwanza, pili, tatu. Alisema majivu ni majivu tu.

Lakini alipendezwa. Kila alikopita, alisema, wakulima walimwonyesha mikono mitupu. Mimi nimemwonyesha kujitegemea. Jumapili, kwenye mkutano wa hadhara, shamba hili litatangazwa kuwa shamba la mfano.

Pelagia akamwuliza afisa, "Na ule msaada, baba?"

"Mama, mtu wa mfano tutamwekaje kwenye fungu la maafa?"

Kwa kuwa Kiswahili changu ni fasaha, amenitaka niiandike hotuba ya shukrani mimi mwenyewe. Nisiporidhika, niandike rufaa. Ataondoka nayo jioni hii — mojawapo, amesisitiza. Mtu hawezi kushukuru na kulalamika kwa pamoja.

Rufaa italazimika kumtaja aliyeuchoma ushahidi. Hilari yupo uani, anakula kuku wetu pamoja na afisa. Namsikia akisimulia jinsi walivyohakikisha halibaki hata shina moja.

Karatasi imebaki moja. Pelagia amesimama mlangoni na ungo mikononi. Anataka kujua ninaandika ipi, hotuba au rufaa.

Nimeandika tarehe. Nimeandika "Ndugu". Hadi hapo, zote mbili zinaanza vivyo hivyo.