Vidonge vya Kukondesha

Nizwa, Alkhamisi, 1984

Nisamehe, daftari, mwezi mzima sijakugusa. Mkono wa kuandikia ulikuwa kazini, unanikuna.

Ni vile vidonge vya kukondesha alivyonipa daktari, ili gauni la harusi ya wifi yangu linienee. Nimepungua kidogo tu, lakini nimetoka vipele mwili mzima, mpaka matakoni.

Leo mama mkwe kaviona. Kambeba Salma wangu, kajifungia naye chumbani.

"Hiyo surua! Mtoto hakukaribii."

Salma analia, anagonga mlango. Niliona haya kusema, lakini kilio kile...

"Mama, si surua. Nameza vidonge nikonde."

Mlango ukafunguka.

"Arobaini nzima ya uzazi nilikulisha samli kwa mkono wangu, wewe unakwenda kwa daktari akaitoe?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Sasa nipe mwanangu."

Kanipa, pamoja na bakuli la bokoboko la ngano na nyama, samli inaelea. Nimelila lote.

Vidonge nimevitupa. Kesho namwandikia dada yangu aliye Maskati aniletee: dawa ya kupaka ya kalamini chupa mbili, sabuni isiyo na manukato, na yadi mbili za hariri ya kijani, nilitanue hilo gauni.