Bakuli la Alfred Liko Kwangu, na Kulirudisha Nashindwa

Bi Hamida wangu, shikamoo. Nisikilize tafadhali, maana nimefika mahali sina wa kumwambia, na yule mmoja niliyemwambia ndiye kanizidishia maumivu.

Mimi ni mama wa makamo, Mtanzania, naishi huku ughaibuni, hapa Coon Rapids, na binti yangu Careen, baba yake alifariki mtoto akiwa mdogo, tukamsafirisha kwenda kumzika kwao Moshi, nikarudi huku kuendelea na maisha kwa sababu ningefanyaje, kazi nafanya kwenye ghala la mizigo kule Shakopee, ni mbali, nasimama kutwa nzima, nikifika nyumbani miguu imevimba viatu havivuliki, lakini namshukuru Mungu tunakula na tunalala pazuri.

Sasa majira ya baridi yaliyopita niliteleza kwenye barafu nje ya kanisa nikavunjika mkono, nikafungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, na watu wa ibada yetu ya Kiswahili wakapangiana zamu za kutuletea chakula, Mungu awabariki, karibu wote walileta kwenye zile trei za foili ambazo ukimaliza kula unatupa, isipokuwa kaka mmoja Mkenya anaitwa Alfred, ni mpishi kwenye nyumba ya kulea wazee huko Anoka, yeye alikuja na bakuli lake mwenyewe la oveni, la kioo kizito, limefungwa kwenye taulo lisipoe, na ndani yake kaseroli ya Kiamishi. Anasema alifundishwa na bibi mmoja wa hapo kazini ambaye alikulia kwa Waamishi, wale watu wa kusini mwa jimbo wanaotembea na magari ya farasi. Ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu, tambi pana za mayai, supu ya nyanya ya kopo na supu nzito ya uyoga ya kopo, chizi inafunika juu, inaokwa mpaka inatokota pembeni. Haina tangawizi, haina pilipili, haina hata kitunguu saumu. Ukimsomea mtu wa kwetu atakwambia hicho ni chakula cha mgonjwa, na mimi nilikuwa mgonjwa, nikala, nikaongeza, Careen naye akakwangua kwenye pembe za bakuli na kijiko mpaka nikaona aibu.

Bi Hamida, wewe ni mtu wa Tanga, unajua tulivyolelewa. Chombo cha mtu humrudishii hivi hivi kitupu, mama yangu angenitandika hata leo. Plasta ilipotoka nikapika pilau nikajaza lile bakuli nikampelekea. Basi wiki haikuisha huyo mlangoni, bakuli limejaa kaseroli, "Mama Careen, ile pilau ilikuwa tamu sana, sasa ningenyamaza tu hivyo kweli?" Nikacheka, nikajua kumbe na Kenya wanalelewa kama sisi, nikajaza makande nikarudisha, akajaza kaseroli akaleta, nikajaza ndizi nyama, akaleta, ikawa hivyo theluji ikayeyuka, majani yakaota, kiangazi kikaja kikapita. Mwanzoni alikuwa anasimama mlangoni na viatu vyake, baadaye akawa anavua, baadaye akawa anakunywa chai na kumsaidia Careen hesabu, na Careen ambaye mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kwa Alfred anajitahidi kujibu Kiswahili, kinapinda pinda lakini anajibu.

Nitakwambia ukweli wote maana uso wangu huujui. Namtamani yule mtu. Siyo kwa mambo ya ajabu, Bi Hamida, usinifikirie vibaya. Tangu nitoke kwa mama yangu hakuna binadamu aliyewahi kunipikia mimi nikakaa tu kwenye kiti nikangoja, baba Careen alinipenda na alikuwa mwema lakini jikoni hakujua hata chumvi iko wapi, na mimi nilizoea, nikaona ndivyo wanawake tulivyo. Sasa ikifika Jumamosi nasikia gari linapunguza mwendo nje na moyo unanipasuka, halafu ni gari la jirani. Nalia nikikunja nguo. Sikujua kama mtu wa umri wangu anaweza kumkosa mtu ambaye hata hajawahi kuwa wake.

Kilichotokea ni hiki. Alikuja mara ya mwisho, Careen akamfungulia mlango, akanikuta bado na fulana ya kazini, nimesinzia kwenye kiti miguu iko kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, na mezani nilikuwa nimeanza kumenya vitunguu vya pilau yake, kisu bado kiko mkononi. Nikazinduka, kasimama anaangalia. Akaweka bakuli kwenye jiko taratibu akasema, "Mama Careen, hii ukimaliza unirudishie tu ikiwa empty. Usijaze kitu. Wachana na hiyo mambo ya kunipikia." Chai hakunywa. Akaondoka.

Nilihisi kama nimefungiwa mlango usoni. Nikamweleza rafiki yangu Mumbi, tunasali pamoja, naye akanijibu bila kufikiri, "Mwanaume akikwambia usimpikie, amechoka na wewe, ama kuna mwingine anampikia. Kwani unataka akuandikie?" Halafu Jumapili iliyofuata kulikuwa na chakula cha pamoja kanisani, nikaona kaseroli yake mezani, Bi Hamida, ameileta kwenye trei ya foili! Ile ya kutupa! Nikajua basi, huyu hataki tena kitu cha kurudishwa. Nikatoka nikakaa kwenye gari nikamwacha Careen anakula. Tangu hapo akinisalimia namjibu nina haraka, naingia kwenye gari. Na simu yake nimeiacha ikaita.

Bakuli lipo juu ya friji yangu. Jumamosi moja nilijaribu kuipika mwenyewe ile kaseroli, nikasema labda nikiweza kuipika hamu itaniisha, nikakaanga zile tambi kwenye mafuta mpaka zikawa kahawia kama tunavyokaanga tambi za sukari nyumbani, na mkono ukaenda wenyewe kwenye iliki, nikaja kushtuka nimeshatia. Careen alionja akaweka uma chini, akaniuliza anko Alfred anakuja lini. Nikaingia chooni nikalia.

Mumbi anasema nilipeleke bakuli nikaliweke kwenye ngazi za nyumba yake akiwa kazini, yaishe. Mimi nawaza nilijaze pilau tena nimpelekee ajue sina kinyongo, maana kulipeleka tupu siwezi, mwili unakataa. Na kuna saa nawaza nikae nalo tu, maana likiondoka hakuna tena kitu cha kumleta kwangu. Nifanye nini, Bi Hamida? Usinionee huruma, niambie tu.

Ni mimi, Mwenye Bakuli la Mtu, Coon Rapids.

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mkono, pole kwa miguu, na pole kwa rafiki uliyenaye.

Umesema nisikuonee huruma, na mimi huwa sisubiri kuombwa mara mbili. Hivi wewe uliiandika hiyo barua macho umefumba? Bakuli ni la nani? Ni la Alfred. Ulipolipeleka na pilau ile ya kwanza, adabu ya mama yako na ya Tanga nzima ilikuwa imetimia. Chombo kimerudi kwa mwenyewe, kimejaa, mmesalimiana, kwisha. Kwa Alfred hakukuwa na chombo chako hata kimoja, hata kijiko. Angeweza kula pilau yake, akaosha bakuli lake, akaliweka kabatini mpaka leo. Hakuna desturi ya Kenya wala ya Tanzania inayomtuma mwanaume kulijaza bakuli lake mwenyewe tena na tena na kuendesha gari kwenye barafu kulileta kwako. Adabu ilikuwa yako peke yako. Yeye alikuwa anakuja tu, na wewe ukamrudishia makande.

Tuje kwenye hilo neno lililokuliza. Mtu anafungua mlango anakuta mwanamke ametoka kusimama kutwa nzima ghalani, miguu iko kwenye beseni, amelala na kisu mkononi juu ya vitunguu vya kumpikia yeye. Ulitaka aseme nini, "ongeza binzari"? Yule ni mpishi, mwanangu. Anajua pilau inakula muda gani na mgongo gani. Aliona kwamba kila anapokuletea chakula upumzike anakuwa amekupa kazi mpya, akaona haya, hata chai akaiacha maana wewe ndiye ungeinuka kuichemsha. Alilisema vibaya, sikatai. Wanaume wengi wakiguswa wanasema maneno machache na yote yanatoka yamepinda. Lakini amechoka na wewe? Aliyechoka na wewe ndiye anayekupigia simu wewe ukaiacha ikaita?

Na hiyo trei ya foili ndiyo imenimaliza kabisa. Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia. Ulitaka alete kaseroli kanisani kwa viganja? Bakuli lake si liko juu ya friji yako! Mtu umemzuilia chombo, kaenda dukani kununua cha kutupa, halafu unakwenda kumlilia kwenye gari. Loh! Mumbi naye, kwa heshima yake, mwache aendelee kukuombea, ila mambo ya wanaume asikushauri tena.

Ya jikoni nayo niyaseme maana yananiuma. Tambi pana za mayai hazikaangwi. Unazichemsha kwenye maji ya chumvi, unazitoa zikiwa bado zina ugumu kidogo, kwa sababu zinamalizikia kuiva kwenye oveni zikinywa ile supu. Nyama kaanga na vitunguu mpaka ikauke maji, mwaga mafuta yaliyozidi, changanya vyote, chizi iwe juu. Na iliki, mwanangu, iliki irudishe kwenye kopo lake ikangoje chai.

Sasa nisikilize vizuri. Hufanyi la Mumbi, la kumwachia mtu chombo kwenye ngazi kama unamrudishia mkorofi vitu vyake. Hufanyi pia lako, la pilau. Nimeuona ugonjwa wako na siyo adabu. Ukisimama mlangoni kwa Alfred na pilau mkononi, mambo yakiharibika unaweza kusema ulileta pilau tu. Pilau ndiyo inasimama mbele, wewe uko nyuma yake umejificha. Mwili unaokataa kwenda mtupu haukatai desturi, unaogopa kuonekana. Miaka yote mtu anakupokea kwa sababu umebeba kitu, na hujui kama kuna atakayekupokea hujabeba. Hilo nalielewa kuliko unavyodhani, na ndiyo maana nakufokea.

Kwanza zungumza na Careen, usimfiche, yeye ameshaona kila kitu na amechagua upande. Kisha mpigie Alfred, umwombe radhi kwa ile simu, umwambie Jumamosi mchana unakwenda kwake. Bakuli lioshe, likaushe, libebe tupu. Usipitie dukani. Usichukue hata maandazi, nakujua, utataka kuchukua maandazi. Kama ana mke, au aliwahi kuwa naye, hukuandika na mimi nauliza, basi na wewe muulize siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, na usikilize jibu lote kabla hujaanza kumsamehe. Mwambie unataka akufundishe kaseroli yake, na akianza kupika, kaa. Mikono weka mapajani. Itakuwa vigumu kuliko kazi ya ghalani, lakini kaa.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana atalipokea bakuli, atashukuru, atafunga mlango, na utalia njia nzima mpaka Coon Rapids. Sitakudanganya kwamba haitauma. Lakini utakuwa umelia kwa jambo unalolijua, na hamu ikishajua ukweli wake huwa inapungua siku baada ya siku, ila ile ya kukisia huwa inakula mtu mpaka anazeeka nayo, nimewaona.

Hilo "kaka" unalomwitia liache garini. Gonga mlango. Akifungua akaanza kuangalia kama bakuli lina kitu, usijichekeshe, usitazame chini, mwambie: "Sijaleta chochote, Alfred. Nimekuja mwenyewe."

Bi Hamida