Kabla Hujafuta

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kilema tu wazima, ng'ombe amezaa na mvua zimeanza. Usicheke kuitwa mjukuu na msichana wa miaka kumi na saba. Bibi yako ni dada yangu, basi nami ni bibi.

Umeniuliza kama uondoe Windows uweke Linux kwenye kompyuta yako. Weka, ni nzuri, tena inaongea Kiswahili. Hapo ndipo nilipokosea, maana shuleni kompyuta tulifundishwa kwa Kiingereza. Nilipokuwa naiweka kwenye yangu nikaona "Futa diski", nikafikiri ni kama kufuta meza: vumbi linaondoka, vitu vinabaki. Nikabonyeza. Sauti ya marehemu baba, niliyoirekodi akimbembeleza ng'ombe kwa Kichagga wakati wa kukamua, ikapotea.

Kwa hiyo nakili kila kitu kwanza. Na kama mama yako ana sauti ya baba yangu kwenye simu, hata akisema "funga mlango" tu, nitumie.

Mama yangu hajui kwamba imepotea. Jumapili tulipofika nyumbani kutoka misani aliniambia, "Hebu tuwekee baba yako tumsikie." Nikamjibu umeme umekatika. Akaitazama taa inayowaka, akasema, "Haya, mwanangu. Ukirudi."

Bibi yako,
Anjela