Ngamia Tisa wa Udongo

Jumamosi, mwisho wa Februari. Joto la Garissa limekaa juu ya mabati tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Stima imepotea adhuhuri na haijarudi. Nimechoka.

Ni uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Wiki mbili nimekuwa upande wa Wajir nikitengeneza mashine za visima, na mikono yangu inanuka dizeli hata baada ya sabuni. Nilifika nyumbani hapa mtaa wa Iftin jana kabla ya sala ya Ijumaa. Wanangu wakanipa mkono, wakasema salaam aleikum Aabo, halafu wakarudi zao kwa nyanya yao. Ayeeyo, wanavyomwita, ni mama yangu mzazi. Ndiye anayewalea mimi nikiwa safarini na mke wangu Fardosa akiwa kazini kwenye duka la dawa.

Liban ana miaka tisa, Sahra sita. Nikiondoka hawaulizi narudi lini.

Hilo ndilo linaloniuma, na nimeona heri niliandike hapa kuliko kulisema. Kiswahili ndicho ninachoandikia. Kisomali ndicho ninachogombezwa nacho.

Basi leo nilitoa sanduku lililo chini ya kitanda. Ndani mna vijiaskari vya plastiki, kila kimoja kimo cha kidole gumba, ambavyo nilijifunza kuvipaka rangi nikiwa chuoni Nairobi. Unavipanga mezani majeshi mawili, unapima kwa rula kila mmoja asogee kiasi gani, unarusha dadu kujua kama risasi imempata adui. Fardosa huviita watoto wangu wa kwanza. Anatania, lakini si sana. Nilidhani kama kuna kitu kimoja mikono hii inaweza kuwapa watoto zaidi ya harufu ya dizeli, ni hiki.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Tulikata maboksi ya majani ya chai tukapata nyumba. Sifongo la godoro kuukuu tulilichana, tukalipaka kijani, likawa vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba inayovamia kila mahali, na Liban akasema tuvipunguze maana hata kwenye mchezo mathenge yanakera. Kifuniko cha chupa ya soda kikawa kisima. Rangi ilikuwa inakaukia kwenye brashi kabla haijamfikia askari, na vumbi likaingia mahali pote, lakini Sahra alimaliza mtu wake mmoja. Alimvika kilemba chekundu. Alimpulizia mpaka akakauka.

Nilijua mama angenijia na suala la sanamu. Nilikuwa nimejipanga: ni vya watoto kuchezea tu, na nyuso nimezipaka kahawia tupu, hazina macho wala midomo. Akaja baada ya adhuhuri, akasimama mlangoni na tasbihi yake, akaitazama meza yote.

Hakuuliza habari ya sanamu. Aliuliza wanapigania nini.

Miaka yote hiyo ya kurusha dadu, sijawahi kujiuliza.

"Kisima, Ayeeyo," Liban akamjibu.

Mama akasema astaghfirullah, akaenda kuketi kwenye mkeka wake na kutugeuzia mgongo. Kutoka huko akaniambia vitu hivyo visilale ndani ya nyumba yake. Kodi nalipa mimi, ila nyumba ni yake. Mwenye mama ananielewa. Nikajua nimebakiwa na alasiri moja tu, na nikaona uchungu kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Ningeweza kubishana naye. Sikuwa na nguvu.

Tukaanza kucheza. Haikuchukua muda, Liban akarusha sita, na mtu wa Sahra mwenye kilemba chekundu akaanguka pale kando ya kisima. Kanuni inasema aliyekufa anaondoka mezani. Nikanyoosha mkono nimtoe, Sahra akamfunika kwa kiganja.

"Aabo, amekufa bure?"

"Ni mchezo, Sahra."

"Mag yake iko wapi?"

Mag ni fidia ya damu, ngamia mia kwa mwanamume. Watoto hawa wanaijua vizuri kuliko hesabu za shule. Mwaka jana binamu yangu aligonga mtu kwa pikapu, ukoo mzima ukachangia, na wazee walikaa kwenye zulia letu siku baada ya siku huku Liban akipitisha chai na kusikiliza.

Vita vikasimama hapo hapo. Liban akasema yule mtu alikuja kwa kisima cha wenyewe. Sahra akasema alikuwa na kiu tu. Liban akasema wallahi alikuwa na bunduki, nani anakuja kunywa maji na bunduki? Nami nimekaa katikati na rula yangu, nimeudhika kidogo, nikisema moyoni kwamba nilitaka kuwafundisha namna ya kumzunguka adui, na wao wameitisha kikao.

Mwishowe Liban akakubali kulipa. Kwa kuwa hapakuwa na ngamia, wakaenda nje penye matope chini ya bomba, wakaanza kufinyanga. Miguu wakaweka njiti za kiberiti. Walinituma mimi nikatafute njiti, na nilikwenda mbio nikajicheka. Jua likawakausha ngamia upesi mno, wengi wakapasuka nundu. Tisa walipona.

Liban akawapanga mbele ya dada yake. "Chukua hii tisa. Ingine nikipata."

"Waryaa!" Ilikuwa sauti ya mama ikimwita kijana kutoka kwenye mkeka. Akamwambia kwa Kisomali kwamba mag hailipwi hivyo. Kwanza wanakuja ngamia wa mazishi, wanaokwenda kwa nyumba ya marehemu, kwa mama yake na ndugu zake. Wengine ndio wanangoja ukoo ukusanye. Alikuwa amegeuka. Kisha akainuka kwa shida ya magoti yake, akaja mezani, akawatenga ngamia kwa kidole, hawa hapa, hawa kule. Nikafurahi. Nikajiambia, tazama, tumempata.

Sahra alikuwa amejaa tabasamu kwa utajiri wake. Akamuuliza nyanya yake kama ngamia huwa wanakuja kweli.

Mama akasema walikuja. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuulizia sukari. Walipouawa watu kwenye kisima, kaka yake Aden alikuwa mmoja wao, na ngamia wa fidia yake waliletwa nyumbani mama akiwa na umri wa Sahra. Kilikuwa kiangazi. Wote walikuwa na njaa.

"Tulikunywa maziwa yao," akasema. "Yalikuwa matamu."

Abti Aden, yaani mjomba Aden, ni jina nililolisikia utotoni kwenye dua tu. Nina umri huu na sikujua alikufa vipi. Nikashika rula.

Sahra akakusanya ngamia wote tisa kwa mikono miwili, akawasukuma upande wa kaka yake.

"Chukua ngamia yako. Rudisha mtu yangu."

Liban akanitazama mimi, mwenye kanuni. Kanuni hiyo haimo. Hakuna mchezo wa vita duniani ambao unaruhusu hivyo.

"Mrudishie," nikasema.

Mama ndiye aliyemwokota. Alimsimamisha pale kando ya kisima, akaona bunduki, akajaribu kuing'oa kwa ukucha. Haikutoka. Gluu yangu ni nzuri, na leo nimeichukia. Akamwacha, akaenda kutawadha kwa ajili ya magharibi. Habari ya vitu kutolala ndani hakuirudia, nami sikumkumbusha.

Sasa naandika huku wanakula. Liban ameniuliza nikienda Wajir Jumatatu narudi lini. Anasema ngamia hawatoshi, na yeye peke yake hawezi kufinyanga wote hao. Nimemwambia wiki mbili. Amesema ni nyingi.

Nimechoka bado. Bunduki nimeikata kwa kisu, na mkono wa yule mwenye kilemba chekundu umebaki wazi. Kesho nitamtafutia njiti moja ya kiberiti, nimpe fimbo ya kuchungia.