Mchanga wa Gasenyi

Jumatatu, 2 Juni

Madaftari arobaini na mawili ya darasa la sita. Nimesahihisha mpaka wino mwekundu ukaisha. Watoto bado wanaandika kwamba mto Ruzizi unatoka kwenye ziwa letu. Unaingia ziwani! Nimesema mara ngapi. Kesho nawachorea tena.

Habari kubwa ya leo: nimeshinda. Saa ya mapumziko Direktrisi, mkuu wetu wa shule, aliuliza mwaka huu walimu tunakwenda wapi kwa wikiendi yetu ya kufunga mwaka. Mwaka jana Deo, mwalimu wa hesabu, alitupeleka kwao milimani Kayanza, tukala viazi na baridi. Leo nilichukua chaki, nikachora ziwa lote kwa mkono mmoja bila kuangalia kitabu, nikaweka nukta kusini, kabla ya kufika Rumonge. Gasenyi. Si ile nyingine. Gasenyi yetu ya ziwani. Nikawaeleza mchanga mweupe, michikichi mpaka ukingoni, samaki wa mukeke anayetoka majini bado anapiga mkia. Nyumba ya baba iko hatua thelathini kutoka majini. Mikono yote ilipanda isipokuwa wa Deo.

Najivunia kwetu. Sioni aibu kuliandika.

Jumatano, 4 Juni

Deo kila kitu anataka kukipima. Ameniuliza mbele ya watu huo mchanga una upana gani. Nikamjibu aje na rula yake. Chumba kizima kikacheka, hata Direktrisi, ambaye huwa hacheki kabla ya Ijumaa.

Goreti, mke wangu, ameuliza jambo moja tu: mara ya mwisho ulifika Gasenyi lini? Nikamwambia mwalimu hana nafasi. Ni miaka sita. Sikuitaja hiyo sita, lakini na yeye anajua kuhesabu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimempigia dada yangu Daforoza. Ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya baba tangu mumewe afariki. Nikamwambia nakuja na wageni kumi na wanne, tarehe 28, awaandalie chakula mchangani, mbele ya nyumba.

Akanitaka nirudie. Kisha akasema: "Muchanga gani, kaka? Muchanga iko chini ya maji. Na nyumba ya baba iko mu maji. Mi naishi huku juu, karibu na barabara, mwaka wa ine sasa."

Nikauliza mbona hukuniambia. Akasema aliniambia. Na kweli aliniambia. Nakumbuka. Nilikuwa nasahihisha mitihani, akasema amesogea juu, nikasema vizuri, nikakata simu.

Ziwa limepanda, nani Bujumbura hajui? Nilijua. Ila kichwani mwangu lilipanda kwa wengine tu.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikwenda shuleni nimejiandaa kusema ukweli. Direktrisi akanipokea mlangoni na kofia mpya ya majani, pana kama ungo. Ameinunua kwa ajili ya Gasenyi.

Nikaisifu kofia.

Alhamisi, 12 Juni

Kuna jambo sijaliandika. Nimelizunguka siku nne.

Maji yalipofika kwenye msingi, kabla hata hayajaingia ndani, Daforoza alinipigia. Aliuliza: kaka, nihame? Nami nikampa somo. Nikamweleza kwamba ziwa hupanda masika na hushuka kiangazi, ndivyo lilivyo tangu zamani, asubiri, maji yatarudi. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza darasani. Siku ile nilijisikia mtu wa maana sana. Nadhani hata nilimsimulia Goreti maneno yale mezani.

Hakuniuliza tena habari za maji.

Jumanne, 17 Juni

Leo nimependekeza tubadilishe mahali. Nimesema Gasenyi ni mbali, barabara mbaya, wengine wana watoto wadogo. Direktrisi akasema kofia imekwisha nunuliwa. Deo akanitazama kwa jicho la mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu ya mwenzake. "We, Mwalimu, uko na shida gani na kwenu?" Nikasema sina shida.

Mdomo uliponza kichwa. Kichwa ni hiki changu.

Mazutu hakuna mjini. Magari yamejipanga tangu juzi, foleni inapinda kona mpaka haionekani mwisho. Nimepita pale kwa miguu nikaomba Mungu izidi kuwa ndefu. Mwalimu mzima, mkristo, naombea nchi ikose mafuta ili nisiaibike. Nimeandika hivyo ili nikisoma siku nyingine nijue nilikuwa mtu gani.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefanya jambo baya. Nilimpigia Daforoza, nikamwomba aniambie kuna msiba pale, jirani yeyote, ili niwaambie wenzangu safari imekufa.

Alikataa bila kupandisha sauti. "Apana, kaka. Msiba haiitwi. Waache wakuje. Na we ukuje nao."

Ni mdogo wangu kwa miaka tisa. Nilimbeba mgongoni. Leo kanifunga mdomo, na haki ilikuwa yake.

Ijumaa, 27 Juni

Dereva amepata mazutu. Deo alikaa naye kwenye foleni kwa zamu siku mbili. Sijui anataka kuona ziwa au anataka kuniona nikianguka. Pengine vyote viwili.

Goreti amenipigia pasi shati jeupe. Nimemwambia kila jambo, hata lile la msiba. Akasema tu: mpelekee wifi yangu kilo mbili za sukari, na uombe radhi kabla hujala.

Jumamosi, 28 Juni. Gasenyi.

Naandikia kwenye benchi la shule ya hapa, ndiko walikotuweka wanaume. Jua bado halijazama. Nataka niandike kabla sijaanza kuipamba siku hii.

Njiani waliimba. Mimi sikuimba. Mara tatu nilitaka kusimama ndani ya basi niseme, mara tatu nikatengeneza kola ya shati.

Daforoza alikuwa amesimama kando ya barabara, amevaa kitenge cha sikukuu. Amekonda. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Halafu watu wote wakageuka kutazama chini, upande wa ziwa, na palikuwa na maji tu. Maji mpaka kwenye mihogo. Vichwa vya michikichi iliyokufa vimetokeza humo kama fito. Hakuna mchanga hata wa kujaza kofia.

Deo ndiye aliyesema. "Mwalimu, muchanga iko wapi?"

Direktrisi alivua kofia yake. Nilitamani basi lirudi linichukue.

Daforoza akasema chakula kinapoa, twende. Akatupandisha uani kwake, na hapo niliona nyumba. Vyumba vitatu, mabati, matofali yale yale ya baba. Nayajua matofali yale, nilikanyaga udongo wake nikiwa mdogo. Alibomoa kuta kabla maji hayajazimaliza, akapandisha matofali kilimani, yeye na wanawake wa jirani, kichwani, kiangazi chote. Mimi nina diploma na napanga nyumba mjini, mtaa wa Cibitoke, mwaka wa kumi na tisa. Yeye amejenga.

Uani palikuwa na meza moja ndefu imefunikwa vitenge. Mukeke wa kuchoma, ndagala wadogo wa ziwani, sombe ya kisamvu, ugali wa muhogo, mawese mekundu. Watu walikula kimya kwanza, halafu wakaanza kusifu, halafu wakaanza kuomba tena. Nilikuwa sijaomba radhi. Nilikula hivyo hivyo.

Kisha mama mmoja jirani, aliyekuwa akigawa samaki, akaniangalia. Hakuwa na ubaya. Alisema tu, wote wakisikia: "Ndio huyu mwalimu? Daforoza alikawia kuhama. Sisi tulimwambia atoke, yeye akasema kaka yangu mwalimu amesema maji itarudia. Ndio vile alipoteza jiko na ukuta wa mbele."

Watu kumi na wanne wakaacha kutafuna.

Nikasimama. Sikupanga maneno. Nikasema ni kweli, nilisema hivyo, na tangu siku ile sikuja kutazama, na mchanga niliowauzia nilikuwa sijauona kwa miaka sita. Nikamgeukia Daforoza, nikamwomba radhi mbele yao wote. Sauti ilinikatika katikati. Wacha ikatike.

Yeye akacheka kidogo. "Hakukosea sana. Kitabu yake tu ndio ilikuwa ya zamani."

Akaleta pombe ya ndizi kwenye kibuyu. Huku anayetoa kinywaji lazima aonje kwanza ili mgeni anywe bila wasiwasi, na anayeonja ni mwenye nyumba. Yeye hakuonja. Alinipa mimi kibuyu, mbele ya wageni, akangoja. Nikaonja. Kisha nikampelekea Deo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nimejua maana yake.

Jumapili, 29 Juni. Gasenyi, kisha nyumbani.

Asubuhi Direktrisi aliniita pembeni. Wanawake walilala ndani kwa Daforoza. Ameniambia dada yangu alilala kizingitini, juu ya mkeka, kwa sababu nyumba haina mlango. Kuna pazia tu. Direktrisi aliuliza kwa upole kama ningeweza kumsaidia apate mlango.

Nikaenda kutazama. Bawaba zipo, mpya, zina mafuta. Mlango ulikuwepo juzi.

Nikatoka uani. Wale wanawake wa jirani walikuwa wanakusanya vitenge kutoka kwenye meza, na meza ikabaki wazi. Mvule mweusi, tundu la kufuli, na chini pembeni, herufi zilizochorwa kwa msumari: A, B, C, D, E, F, na nusu ya G. Nusu, kwa sababu hapo ndipo baba aliponikamata. Ni mlango wa baba. Ubao wangu wa kwanza. Daforoza alipandisha mlango ule kabla ya tofali lolote, na juzi akaung'oa ili wageni wangu wapate meza ya kuwatosha.

Nililia. Nina miaka hamsini na minne na nililia mbele ya walimu wa shule yangu. Sijali.

Deo alikuja akasimama karibu. Alitazama herufi muda mrefu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa safari akatoa rula. Kumbe kweli alikuja nayo! Akapima bawaba, akapima mlango, akaandika hesabu kwenye kiganja. Tukaubeba pamoja, watu wawili wa chaki, tukatoka jasho mbele ya kijiji kizima. Tuliupachika mara mbili, kwani mara ya kwanza tulikuwa tumeugeuza chini juu. Daforoza alicheka mpaka akakaa chini. Bado unakwaruza sakafu kidogo, lakini unafunga.

Kabla ya kuondoka, wavuvi walitupandisha kwenye mitumbwi. Maji yalikuwa matulivu. Tulipofika kati ya michikichi iliyokufa, Direktrisi akauliza nyumba ilikuwa wapi. Daforoza akasema tuko juu yake, hapa ni sebuleni. Wote wakachungulia majini, na kofia ikaanguka, wakaifukuza kwa makasia wakipiga kelele kama darasa la kwanza. Nilimwangalia dada yangu akiwaonyesha kwa kidole: pale jiko, pale mchanga, pale kaka alipojifunza kuogelea akanywa maji. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anaonyesha kwake. Sijawahi kujivunia mtu namna ile.

Kila mwalimu amepewa chupa ya mawese ya safari. Njiani Deo alikaa karibu nami. Karibu na Gitaza akasema, bila kunitazama: "Kwetu Kayanza hatuna mulango kama ile." Huyo ni Deo. Kwake hiyo ni hotuba nzima.

Goreti ameuliza mafuta haya kwenye shati yametoka wapi. Nikamwambia bawaba.

Jumatatu, 30 Juni

Wiki ya mwisho ya masomo. Watoto wamechoka, na mimi pia. Mabega yananiuma.

Nilifuta ziwa la zamani ubaoni, nikachora jipya. Upande wetu nimelisogeza nchi kavu. Nilichora polepole, mara hii nikiangalia. Ruzizi inaingia, nimeweka mshale mkubwa.

Kisha nikaweka nukta moja, juu kidogo ya maji, karibu na barabara.

Msichana wa dawati la mbele akauliza ule ni mji gani. Nikamwambia ni nyumba ya dada yangu. Wakainamisha vichwa wakaiandika, wote arobaini na wawili.